Maneno ya Kinyume ya Bi Kazija

Shamima ni fundi cherehani. Anashona nguo nyumbani kwake Jadida, mjini Wete. Asubuhi watoto wakishakwenda skuli, hufungua mlango wa mbele, husogeza cherehani kwenye mwangaza, akaanza kazi. Wakati huo mumewe, Zubeir, huwa ameshaondoka zamani. Yeye ni mchuuzi wa samaki. Huenda Tumbe na pikipiki kukiwa bado hakujapambazuka vizuri. Hununua samaki dikoni, pale wavuvi wanaposhusha, akarudi nao kuwauza Wete.

Nyumba ni ya mama yake Zubeir, Bi Kazija. Shamima anaishi na mavyaa wake huyo tangu alipoolewa. Hawajawahi kugombana hata wakasikiwa na jirani. Bi Kazija alikuwa mpishi hodari na msemaji hodari zaidi. Ukikaa naye jikoni, wali utaiva na wewe utakuwa umeshapata habari za mtaa mzima.

Kisha mumewe, Mzee Nyange, akafariki.

Bi Kazija alikaa eda kama inavyotakiwa. Alikaa chumbani, akaswali, akasoma Kurani. Watu walikuja kumpa mkono, baadaye wakapungua. Eda ilipokwisha alitoka chumbani, lakini hakuwa yule aliyeingia. Alikuwa kimya. Ukimuuliza jambo, alijibu jingine.

"Mama, nikutilie chai?" Shamima alimuuliza siku moja.

"Ndiyo, mvua imenyesha," alijibu Bi Kazija.

Mara nyengine maneno yalimpotea. Alisimama jikoni na mkono hewani. "Nipe kile, mwanangu. Kile cha... cha kutekea mchuzi."

"Upawa, mama?"

"Hicho."

Shamima alimpa upawa, na moyo wake ukaingiwa na wasiwasi. Huyu ndiye aliyemfundisha yeye majina ya vyombo vyote vya jikoni mle. Na vidonge vyake vya presha navyo vikaanza kuleta matatizo. Siku moja Bi Kazija alimeza mara mbili. Siku nyengine hakumeza kabisa.

Kilichowatisha hasa ni moto. Bi Kazija alitia mafuta kwenye sufuria, akawasha jiko la gesi, akaenda kuanua nguo uani. Alipofika uani akasahau kwamba ameacha moto. Shamima alikuwa anashona. Alisikia harufu, akadhani ni ya jirani. Alipoinuka, pazia la dirisha la jikoni lilikuwa linawaka. Alifunga gesi, akalivuta pazia chini, akalizima kwa khanga iliyolowa maji. Mkono wake ulibabuka kidogo. Bi Kazija alisimama mlangoni na nguo zake kifuani.

"Mama," alisema Shamima alipopata pumzi, "kuanzia leo jikoni usiingie tena. Nitapika mimi."

"Haya," alisema Bi Kazija.

Akaingia chumbani na nguo zake.

Shamima alidhani amefanya vizuri. Alimwondolea mavyaa wake kupika. Kisha akamwondolea kufua, kwa sababu aliacha mfereji ukimwagika. Kisha akamwondolea kwenda dukani. Bi Kazija akawa anakaa barazani juu ya jamvi tangu asubuhi mpaka magharibi, anatazama wapitao njiani. Watu wakisalimia, anaitikia kwa kichwa. Kadiri alivyopumzishwa, ndivyo alivyozidi kusahau. Mwisho akawa anamwita kila mtoto jina la mwenzake.

Majirani walisema yao. Bi Mwanaasha wa nyumba ya tatu alisema kuna mkono wa mtu, atafutwe mganga. Mwengine alisema ni uzee tu, na uzee hauna tiba.

Zubeir naye alikuwa na shauri lake. Alilitoa wakati wa chakula cha mchana, baada ya mama yake kurudi barazani.

"Nimezungumza na dada Ummi," alisema. "Yuko tayari kumchukua mama akae naye Makoongwe. Kule kisiwani ni kudogo, watu wanajuana. Hata akipotea atarudishwa. Ummi hana kazi ya nje, atamwangalia kutwa. Sisi hatuwezi. Mimi sipo, wewe uko kwenye cherehani. Siku moja nyumba itaungua."

"Mwenyewe umemwambia?"

"Nimemwambia. Kasema haya."

Shamima alitazama barazani. Aliona mgongo wa Bi Kazija umeinama. Mwanamke huyu amezaliwa Wete, ameolewa Wete, na nyumba hii aliijenga pamoja na mumewe. Sasa anahamishwa, naye anasema haya tu. Chakula kikamshinda Shamima. Lakini alipokumbuka pazia linawaka, hakuweza kumpinga mumewe. Wakakubaliana kwamba mwezi ukiandama, Zubeir atampeleka.

Jumamosi iliyofuata alikuja Nusaiba, mteja wa Shamima. Nusaiba ni muuguzi hospitalini na anakaa nyuma ya msikiti, si mbali. Alikuja kupimwa nguo ya harusi ya mdogo wake.

"Asalaamu alaykum, Bi Kazija," alisema alipopita barazani.

Bi Kazija hakujibu. Nusaiba akazunguka upande wa pili, akainama mbele ya uso wake, akasalimia tena kwa sauti iliyo wazi.

"Waalaykumu salaam, mwanangu," alijibu Bi Kazija. "Wazima nyumbani?"

Nusaiba aliingia ndani akiwa anafikiri. Shamima alipokuwa anampima mabega, alimuuliza: "Bi Kazija ana muda gani hasikii vizuri?"

"Anasikia, ila hafahamu," alisema Shamima. Akamweleza yote: chai na mvua, upawa, vidonge, moto, na safari ya Makoongwe.

Nusaiba alisikiliza mpaka mwisho.

"Shamima, mtu asiyesikia huonekana kama hafahamu," alisema. "Ukimuuliza chai akajibu mvua, pengine kasikia nusu ya neno, nyengine kaibahatisha. Mpelekeni hospitali kwanza. Aangaliwe masikio, macho, presha na sukari. Mchukue na dawa zake zote daktari azione. Na mwambieni daktari kama halali. Wafiwa wengi hawalali, na asiyelala husahau."

"Na ikiwa ni ule ugonjwa wa wazee wa kusahau?"

"Inawezekana. Upo, na watu wengi wanao. Lakini hatuuamui sisi barazani. Yapo mambo mengi yanayosahaulisha na yanatibika. Tuanze na hayo."

Jumatatu Shamima alimpeleka. Daktari aliangalia masikio ya Bi Kazija kwa taa ndogo, akakuta yamejaa nta. Alimpa matone ya kuilainisha, akamwambia arudi isafishwe. Presha ilikuwa juu, kwa sababu dawa ilikuwa ikimezwa ovyo. Alimuuliza maswali ya tarehe, ya majina na ya hesabu ndogo ndogo. Mengine aliyapata, mengine yalimshinda. Alimuuliza usingizi. Bi Kazija alisema tangu eda anaamka kila mara.

"Sitasema kwamba hana maradhi ya kusahau, wala sitasema anayo," daktari aliwaambia. "Tengenezeni haya kwanza, kisha mumrudishe tumpime tena. Lakini msimweke bure."

Masikio yaliposafishwa, Bi Kazija alikaa kitako kitandani pa hospitali, akageuza kichwa. "Hiyo feni kumbe ina kelele hivyo," alisema. Shamima akacheka, kisha akaona haya kwamba muda wote ule amekuwa akimdhania mtu asiyesikia kuwa hafahamu.

Nusaiba alipokuja kuchukua nguo yake, Shamima alimuuliza daktari alikuwa na maana gani aliposema wasimweke bure.

"Umewahi kumwona mtu aliyevunjika mguu akatolewa plasta?" Nusaiba aliuliza.

"Ndiyo. Hamad, mdogo wake Zubeir. Mguu ulikuwa mwembamba kama fimbo."

"Kwa nini?"

"Haukutumika."

"Basi na akili hulegea isipotumika. Nyie mlimpenda, mkamwondolea kila kitu. Hapiki, haendi dukani, hazungumzi na mtu. Akili yake haina pa kushika. Mrudishieni kazi, kidogo kidogo, na mtu awe karibu. Atembee. Azungumze. Na chezeni naye michezo ya maneno."

"Michezo, mtu mzima yule?"

"Ndiyo. Chukua neno *lima*. Anza na kipande cha mwisho. Unapata nini?"

Shamima alifikiri. "*Mali*."

"*Kata*?"

"*Taka*."

"*Tema*?"

Shamima alitabasamu. "*Mate*."

"Sasa angalia kichwa chako kimefanya nini. Kimelishika neno zima. Kimelikata. Kimevikumbuka vipande, kikavipanga upya, halafu kikatafuta kama hilo jipya lina maana. Ndivyo tunavyofanya tukipika, tukinunua dukani, tukifuata mazungumzo ya watu. Tunashika mambo kadha kwa pamoja na kuyapanga. Ila usinifahamu vibaya. Mchezo si dawa ya presha, na hauzuii kila maradhi ya uzeeni. Ni mazoezi. Mtu huzidi kuwa hodari kwa lile analolifanya."

Siku ya pili Shamima alikata vipande vya boksi la biskuti. Akaandika silabi kubwa kubwa: *li, ma, ka, ta, te, si, ku*. Alivipeleka barazani, akavipanga juu ya jamvi.

"Mama, njoo tucheze. Tunga neno."

Bi Kazija alivitazama. Akavisukuma kwa kidole. "Mie mtoto wa chekechea?"

"Nusaiba kasema ni vizuri kwa akili."

"Akili yangu imekwisha. Ndiyo maana mnanipeleka Makoongwe."

Yalikuwa maneno mengi kuliko yote aliyoyasema kwa mwezi mzima.  Shamima alikusanya vipande vyake, akaingia jikoni. Alikuwa na hasira na nafsi yake. Akiwa anakoroga mchuzi, alijaribu kugeuza maneno peke yake, kwa sauti, kama alivyokuwa akisikia watoto wakifanya. Maji, *jima*. Moto, *tomo*. Chumvi...

"*Michuv*," alisema. "Hapana. *Vimchu*."

"*Mvichu*," sauti ilisema nyuma yake.

Bi Kazija alikuwa amesimama mlangoni pa jiko. Hakuvuka kizingiti.

"Neno halikatwi hapo," alisema. "Ni *chu*, kisha *mvi*. *Mvichu*. Wewe unakata kama mtu anayekata kitambaa bila kupima."

"Mama, kumbe unajua kinyume?"

"Kujua? Sie ndiyo ilikuwa lugha yetu."

Shamima alivuta kiti cha mbao, akakiweka ndani ya jiko. "Ingia, mama. Kaa unifundishe."

Bi Kazija aliangalia jiko la gesi, akamwangalia Shamima. Akaingia, akakaa.

Akaeleza. Alipokuwa msichana walikwenda kuchuma karafuu mashambani. Wasichana walikaa chini wakichambua, wavulana walikuwa juu ya mikarafuu. Wasichana walizungumza kinyume ili wasifahamike. Siku moja Bi Kazija alimtazama kijana mmoja juu ya mti, akamwambia mwenzake: "*Nakija yuhu fumre*." Kijana huyu mrefu. Walicheka, wakaendelea kuchambua. Mara sauti ikatoka juu: "*Nteasa, dada*." Asante, dada.

"Nilitamani ardhi inifunike," alisema Bi Kazija. "Ndiye Nyange. Alikuja kuposa msimu ule ule."

Shamima alizima moto, akakaa sakafuni.

"Tulikuwa tukizungumza kinyume kila siku jioni," Bi Kazija aliendelea. "Ananipa neno, namgeuzia. Nampa refu, ananigeuzia. Nyie mkidhani tunanung'unika."

Ni kweli. Shamima aliwahi kusikia ile minong'ono chumbani kwao, akadhani ni wazee wanalalamikia maisha. Sasa alifahamu. Alipokufa Mzee Nyange, Bi Kazija hakupoteza mume tu. Alipoteza mtu wa kumpa neno naye akamrudishia. Jioni zake zote zilinyamaza kwa pamoja.

"Basi mama, nipe mie neno," alisema Shamima.

Bi Kazija alifikiri. "*Kisama*."

"Samaki."

"*Gambo*."

Hilo lilimchelewesha. "Mboga," alisema mwisho.

"Unakwenda kama konokono," alisema Bi Kazija. "Lakini utafika."

Tangu siku hiyo wakawa na desturi. Bi Kazija alikaa jikoni wakati Shamima anapika, na mchezo ukaenda pamoja na kazi. Mara walicheza kinyume, mara walichanganya silabi kutafuta neno jengine la maana. Bi Kazija alitoa *siku*, Shamima akapata *kusi*. Shamima alitoa *majani*, akaona amemkomesha. Bi Kazija alikatakata vitunguu kidogo, akasema: "*Jamani*." Siku Shamima alipotoa *mahali*, Bi Kazija alilichukua mpaka uani, akalifikiria akianika nguo, akarudi nalo. "Limetoa mawili," alisema. "*Hamali* na *Halima*."

Si kila siku ilikuwa nzuri. Zilikuwapo siku ambazo hakulala vizuri, na maneno mepesi yalimshinda. Siku hizo aliudhika, akataka kurudi barazani. Nusaiba alimfundisha Shamima asimsukume. "Mpe neno la silabi mbili, apate. Au acheni, mkatembee. Mchezo ukiwa adhabu hauna faida."

Kupika nako kulirudi polepole. Kwanza Bi Kazija alikuna nazi. Kisha alipika Shamima akiwa karibu. Nusaiba aliwaonesha namna ya kuweka kengele kwenye simu kila jiko linapowashwa, ili asiyekumbuka akumbushwe. Vidonge waliviweka kwenye kisahani kimoja karibu na birika la chai ya asubuhi, vya siku moja tu. Akikuta kisahani kitupu, anajua ameshameza. Na Bi Kazija mwenyewe alijizoesha kusema kwa sauti anachokifanya. "Nimewasha jiko. Natoka kuchukua limau. Narudi kwenye jiko." Watoto walimwigiza, naye hakujali.

Zubeir hakujua mengi ya haya, kwa kuwa hurudi amechoka na hulala mapema. Mwezi ulipoandama, alirudi mchana akiwa ameshazungumza na dereva.

"Mama, kesho kutwa tunakwenda Makoongwe," alisema wakiwa wanakula. "Nguo zako ziko tayari?"

Bi Kazija alimega tonge, akala, akameza. "Samaki huyu umemwonaje?"

"Mzuri. Shamima kampika vizuri."

"Nimempika mie," alisema Bi Kazija. "Na jana. Na juzi."

Zubeir alimtazama mkewe. Shamima aliinamisha kichwa kukubali.

"Mwanangu," Bi Kazija aliendelea, "nilisema haya kwa sababu sikuwa na nguvu ya kusema jengine. Leo ninayo. Kwa Ummi nitakwenda. Ni mwanangu, nina hamu naye, na wajukuu nina hamu nao. Lakini nakwenda kutembea. Siendi kuhamia. Kwangu ni hapa."

Zubeir aliweka tonge chini. Alikuwa mtu wa kufikiri kabla ya kujibu. "Na moto, mama?"

Shamima ndiye aliyejibu. Alimweleza habari ya masikio, ya dawa, ya kengele ya simu. Alimwambia pia kwamba wiki iliyopita walirudi kwa daktari. Presha imeshuka. Maswali mengi yaliyomshinda mara ya kwanza, safari hii aliyajibu. Daktari kasema aendelee hivyo hivyo, na aangaliwe kila baada ya muda. Na wakiona amepotea njia anayoijua, au hawatambui watu wake, wasingoje, wamrudishe.

"Mbona hukunieleza?"

"Ulikuwa umeshaamua," alisema Shamima. "Nikataka uone kwa macho yako."

Zubeir alinawa mikono. Ilimchukua muda kuinawa. "Basi nisamehe, mama," alisema.

"Sina la kukusamehe. Uliogopa, na hata mie niliogopa. Haya, chukua neno. *Lakini*. Lichanganye lipate maana nyengine."

"Mie sijui mambo hayo."

"Vipande vitatu tu. *La*, *ki*, *ni*."

Zubeir alihangaika. Alisema *kinila*, alisema *nilaki*. Watoto waliokuwa wanakula pembeni walianza kucheka chini chini. Mwisho akasalimu amri.

"*Nikila*," alisema Bi Kazija. "Nikila nashiba. Na wewe umeshiba, ondoa sahani."

Bi Kazija alikwenda Makoongwe kama alivyoahidi. Alikaa kwa binti yake, akacheza na wajukuu, akala pweza mpaka akachoka. Ummi alipiga simu kumwambia Shamima kwamba nyumba yao imegeuka skuli. Kila jioni wanawake wa jirani wanakuja na maneno yao magumu, kumwona kama atashindwa. Mara moja moja hushindwa, na hapo hufurahi kuliko anaposhinda.

Siku moja Shamima alikuwa anashona, Zubeir amekaa karibu anatengeneza mizani yake ya samaki. Simu ikalia. Ilikuwa sauti ya Bi Kazija.

"*Shoke dinaru ninyumba*," alisema.

Shamima hakuhesabu silabi wala hakusita. "*Bukari*, mama," alijibu.

Wakazungumza hivyo kwa muda mrefu, wakicheka. Alipokata simu, Zubeir alikuwa ameshaweka mizani chini.

"Mama kasema nini?"

"Kesho anarudi nyumbani. Umpokee mapema Mkoani, boti ya Makoongwe inaposhushia."

"Na mengine yote yale?"

"Mengine tulikuwa tunakusema wewe," alisema Shamima, akakanyaga cherehani, akaendelea kushona.